Uote moto upi? Mafiga, meko ya ukutani, jiko la chuma au mkaa kwa nyumba za nyanda za baridi

Mwezi wa sita hapa Njombe, jua likishazama tu, baridi inapenya hadi kwenye mifupa. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukienda upande wa Makete na Kitulo kuna asubuhi unazokuta majani yameganda, meupe. Wanaojenga huku siku hizi huniuliza swali moja: ndani ya nyumba niweke moto wa namna gani? Wengi wao wameshanunua mtungi wa gesi wa kupikia, na wamefanya vizuri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafike huko. Lakini gesi inaivisha ugali, haikusanyi watu. Jioni bado tunatafuta pa kuvuta kigoda.

Nimekaa na mioto minne katika maisha yangu: mafiga ya bibi, jiko la mkaa katika chumba cha kupanga, meko ya ukutani niliyojengewa vibaya kisha nikayajenga upya, na jiko la chuma la dada yangu, ambako hulala kila nikimtembelea. Naomba nianze kukuuliza kabla hujauliza bei: unataka moto wa kukaa nao, au unataka joto likukute ukiwa kwenye shughuli zako? Ni mahitaji mawili tofauti, na watu wengi wamejenga kimoja huku mioyo yao ikitaka kingine.

Mafiga na meko ya ukutani

Nayaweka pamoja kwa sababu yote ni moto ulio wazi. Unauona, unausikia, unaufikia kwa kijiti.

Mafiga ndiyo yaliyonifundisha. Bibi alikuwa akikoka moto kwa vijiti vitatu vya muwati na konzi ya maganda ya mahindi; anapuliza mara mbili, moto umeshika. Kuni zake zilikuwa tatu, ndefu, kila moja ikipita kati ya mafiga mawili na ncha zikikutana katikati. Akitaka moto mkali anazisukuma ndani kidogo, akitaka maharage yatokote polepole anazivuta nje. Kwake, kuchochea kulikuwa ni huko kusogeza kuni, basi. Mimi mtoto nilipenda kuchokoa makaa ili nione cheche zikiruka, naye alinikanya kila mara: "Mjukuu wangu, moto si kidonda, usiuchokonoe." Nilikuja kuelewa baadaye sana. Makaa yaliyolala pamoja hupashana joto. Ukiyatawanya, kila kipande kinapoa peke yake.

Mafiga yanatoa joto pande zote, watu wanane wanakaa duara kamili na hakuna anayepewa mgongo. Juu yake kuna uchaga, na mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa pale hukaushwa na moshi, fukusi hawayasogelei sana. Nyumba ya nyasi nayo hudumu zaidi kwa moshi huohuo. Viazi mviringo vilivyofukiwa kwenye majivu ya mafiga, ukavipangusa na kuvila na chumvi, sijapata mahali pengine ladha yake.

Ila mapafu ndiyo yanayolipa. Moshi usiojengewa njia hupita kwenye macho na vifua vya walioketi, na wanaoketi muda mrefu zaidi ni kina mama na watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moshi wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Bibi alikohoa miaka yake yote ya mwisho, nasi tulidhani ni uzee. Kwa hiyo ukipenda mafiga, yape jengo lake nje, lenye uwazi mpana chini ya paa pande mbili, wala usilaze mtoto humo. Mawe usiyatoe mtoni. Jiwe lililoshiba maji, moto ukilipata, linaweza kupasuka na vipande vikaruka.

Meko ya ukutani utayakuta katika nyumba za zamani za misheni na za mashamba ya chai kule Mufindi, pia Lushoto, na kwa wenzetu wa Kenya upande wa Limuru na Kericho. Kuni zinawaka ndani ya ukuta wa sebule, moshi unapanda dohani. Unabaki na raha ya kuuona moto bila kukohoa. Hasara yake ni joto: meko ya kawaida yaliyo wazi hukupa kama sehemu moja tu kati ya kumi ya joto la kuni zako. Lililobaki linapanda juu, tena linaondoka na hewa ya chumba uliyokwisha kuipasha, na baridi inavutwa kutoka chini ya mlango kuja kuziba nafasi. Uso unaungua, mgongo unaganda.

Hapa fundi ndiye mwenye neno. Meko yangu ya kwanza yalichimbwa kwenda ndani kama tanuri, koo la dohani, pale moshi unapoanzia kupanda juu ya moto, lilikuwa pana hata kichwa changu kiliingia, na dohani yenyewe iliishia chini ya mgongo wa paa kwa sababu fundi aliona inatosha kupendeza. Upepo ukivuma, moshi unarudi sebuleni. Msimu mzima tuliota moto milango ikiwa wazi.

Kilichonisaidia ni hesabu za mtu aliyekufa zamani. Benjamin Thompson, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1753 na kujulikana kwa jina la Count Rumford, aliandika mwaka 1796 juu ya meko yaliyokuwa yakifukiza nyumba za London. Alisema tatizo ni kina kirefu na koo pana. Punguza kina, panua mashavu, yaani kuta za pembeni, kwa mshazari, bana koo. Mdomo wa meko yangu una upana wa sentimita 90. Kwa hesabu yake ukuta wa nyuma ukawa sentimita 30, kina sentimita 30, na kuta mbili za pembeni zikafunguka kuja chumbani. Koo likabanwa hadi kama sentimita 10. Ukiangalia kina hicho unaogopa, unasema kuni zitadondoka sakafuni. Hazidondoki. Joto la moto ulio wazi husafiri moja kwa moja kama mwanga wa taa, na yale mashavu ya mshazari hulirudisha kwa waliokaa. Koo jembamba nalo linaupandisha moshi kwa kasi bila kuiba hewa yote ya chumba.

Mpe fundi wako na vipimo hivi viwili. Uwazi wa ndani wa dohani uwe karibu moja ya kumi ya mdomo wa meko: mdomo wa sentimita 90 kwa 75 unataka dohani ya kama sentimita 26 kwa 26. Na kichwa cha dohani kipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake, mgongo wa paa ukiwemo. Sehemu inayolambwa na moto ijengwe kwa matofali yaliyochomwa vizuri na udongo wa kichuguu. Saruji ya kawaida ikipata moto na kupoa, ikapata moto na kupoa, hupasuka.

Jiko la chuma lenye bomba

Kwa joto, jiko hili linashinda na halina mshindani. Ni sanduku la chuma lenye mlango, tundu la hewa na bomba la kutolea moshi. Kwa kuwa hewa inaingia kwa kipimo, kuni haziungui ovyo, na chuma chenyewe kinapasha chumba pande zote. Lililotengenezwa vizuri linaweza kukupa asilimia 60 hadi 70 ya joto la kuni. La fundi wa kuchomelea wa mtaani huenda lisifike huko, lakini haliachwi nyuma kama meko ya wazi. Kuni ninazomaliza mimi kwa jioni tatu, dada yangu anakwenda nazo wiki. Birika liko juu yake tangu magharibi, maji ya kuoga watoto yanapatikana bila kuwasha kitu kingine.

Raha yake ni ya namna nyingine. Moto umefungiwa, unasikia mngurumo wake tu. Ufundi wote umehamia kwenye kile kibati cha tundu la hewa: wakati wa kukoka kifungue chote, magogo yakishika kirudishe nusu, usiku kibakize ufa. Nikiwa kwa dada huwa nakaa mbele yake natamani kufungua mlango. Lakini naye ana watoto wanaosoma mezani na anarudi kazini saa mbili usiku amechoka. Hana muda wa kukaa na moto wangu ninaoupenda, na ningekuwa yeye ningenunua alichonunua.

Kosa la wenye majiko haya ni kubana hewa wakati kuni ni mbichi. Moto unazimia ndani kwa ndani, moshi mzito unapanda bomba la baridi na kuganda kuwa lami nyeusi. Lami hiyo inawaka. Siku ikishika moto, bomba linanguruma kama lori linalopanda mlima, na cheche zinatoka juu ya paa. Uache moto uwake kwa nguvu kidogo kila siku kabla ya kuubana, na bomba lisafishwe kabla ya msimu wa baridi na tena katikati yake. Vivyo hivyo kwa dohani ya meko.

Ukienda kuagiza, kataa bati jembamba la pipa; chuma cha milimita 4 na zaidi kitakaa miaka. Kataa pia bomba lililopakwa zinki pale linapotoka kwenye jiko, kwa kuwa zinki ikipata moto mkali hutoa moshi unaodhuru. Mbao za dari na za ukuta zikae angalau sentimita 45 kutoka kwenye bomba la tabaka moja. Kama kuna mtoto anayetambaa, weka uzio wa chuma kabla hujakoka moto wa kwanza.

Jiko la mkaa

Hapa sitalinganisha sana. Jiko la mkaa ni zuri kwa kuchoma mahindi na nyama barazani, na ni rahisi kubeba. Kwa kuota moto ndani ya chumba kilichofungwa, ni la kuotea mbali kwa maana yake kamili. Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu, usio na moshi, ndio unaodanganya zaidi: unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, na anayelala hivyo anaweza asiamke. Kila msimu wa baridi tunazika watu kwa sababu hii. Nilipokuwa mpangaji nililala na jiko la mkaa chini ya dirisha mara nyingi, na namshukuru Mungu kwa kioo kilichokuwa kimevunjika.

Kama huna kingine, chukua blanketi la pili na chupa ya maji ya moto. Jiko libaki nje.

Kuni zinabeba nusu ya kazi

Nimeona meko mazuri yakilaumiwa bure. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Gogo la kilo 10 lina kama lita 5 ndani yake. Kabla hujapata joto lolote la maana, moto wako unalazimika kuchemsha hizo lita 5 hadi ziishe. Ndiyo maana kuni mbichi inatoa povu kwenye ncha na kulia siii. Ukisikia sauti hiyo, usipulize zaidi, itoe.

Na huku kwetu kalenda inawatega watu. Mvua zinakoma mwezi wa nne au wa tano, baridi kali inaingia wa sita. Kuni ulizochanja Mei hazijakauka Juni. Kwa hiyo za mwaka huu ulitakiwa uwe umezichanja mwaka jana: chanja mvua zikiisha, zipange juu ya fito ili upepo upite chini, ziache kiangazi chote, kisha kabla mvua hazijarudi mwezi wa kumi na moja ziingie bandani. Utazijua zimeiva kwa nyufa kwenye ncha, gome linalobanduka, na mlio. Gonganisha mbili: kavu zinalia ko-ko, mbichi zinalia du.

Kwa aina, mimi ni mtu wa muwati. Njombe tumeuzoea, kampuni ya TANWAT imekuwa ikiupanda hapa kwa ajili ya magome yake, ambayo dawa yake hutumika kutengenezea ngozi za wanyama, na mti wenyewe unaacha kuni nzito, zenye moshi mdogo na makaa yanayodumu. Mkaratusi, ambao huku wengi huuita mlingoti, una joto kali pia, lakini uchanje ukiwa mbichi. Ukikauka nyuzi zake zinajisokota na shoka linarudi. Paina ni ya kuwashia. Inashika upesi kwa utomvu wake, inawaka kwa shangwe nusu saa, kisha inakuachia masizi na umebaki huna makaa. Matawi ya mibuni yaliyopogolewa ni mazuri kuliko watu wanavyodhani. Parachichi ni jepesi, linafaa kuchanganya.

Usichome vipande vya nguzo za umeme wala mbao zilizotiwa dawa. Viko vingi huku kwa sababu nguzo zinatengenezwa huku, na vinawaka vizuri. Dawa zake huweza kuwa na aseniki, nayo haiishi motoni, inabaki kwenye moshi na kwenye majivu ambayo baadaye utayamwaga bustanini kwenye mchicha.

Kukoka, kwa kila moto

Kwenye mafiga moto unaanzia chini katikati, nawe unauletea kuni. Kwenye jiko la chuma fanya kinyume: magogo chini, vijiti juu yake, vijiti vidogo kabisa kileleni, na uwashe kileleni. Moto unashuka wenyewe polepole, na moshi wa magogo ya chini unapita kwenye miali na kuungua badala ya kwenda bombani. Mara ya kwanza niliona ni upuuzi. Sasa hata kwenye meko nafanya hivyo.

Meko yana jambo lake moja la ziada. Dohani iliyolala na baridi imejaa hewa nzito isiyotaka kupanda. Sokota gazeti, liwashe, lishike karibu na koo hadi usikie mvuto, ndipo uwashe kuni. Fungua dirisha kidole kimoja. Usikombe majivu yote; tandiko la sentimita 3 hivi linatunza makaa na kuyapasha kutoka chini. Gogo moja peke yake halikai na moto, kama vile figa moja lisivyoinjika chungu. Weka mawili au matatu, yakaribiane kiasi cha kupashana na yaachane kiasi cha kupumua. Nafasi hiyo huwezi kuipima kwa rula. Unakaa, unaangalia. Miali ikiwa mizito na ya moshi, inaomba hewa. Ikiwa inakimbia na kuvuma, yasogeze pamoja. Mwaka wa tatu mkono wako utajua kabla ya macho.

Ningekushauri hivi

Kama jioni zenu ni za watu wengi wanaokaa kuzungumza, wazee wakiwa na kikombe cha ulanzi na watoto wakisubiri viazi, jenga meko ya ukutani kwa vipimo nilivyotoa, na ukubali kwamba utachanja kuni nyingi. Kama una watoto wachanga, mgonjwa au kazi inayokuchelewesha, nunua jiko la chuma na usione aibu. Mwenye uwanja mpana na mama mkwe asiyetaka kuacha mafiga yake, mjengee jiko la nje lenye hewa. Moto wake ni haki yake, na mbegu zako zitapona. Mwenye sebule kubwa kuliko mita 5 kwa 6, meko peke yake hayatakutosha mwezi wa saba. Na kama fundi hajui dohani inaishia wapi kuhusiana na mgongo wa paa, tafuta mwingine kabla hajachanganya udongo.

Usiku, mioto hii inalazwa tofauti. La chuma linabanwa hewa na gogo moja nene ndani. Kwenye meko na mafiga, yasogeze makaa yote mahali pamoja, meko upande wa nyuma, uyafukie kwa majivu hadi usione wekundu. Koo la dohani liache wazi, kwa sababu makaa yaliyofukiwa bado yanapumua ile hewa isiyo na harufu. Asubuhi, kabla ya mtu mwingine kuamka, fukua polepole kwa kijiti. Chini kabisa kuna kaa moja jekundu. Weka konzi ya maganda ya mahindi, vijiti vitatu vya muwati, puliza mara mbili.